Mwezi wa Idi Uliopinduka Baraka

Waziri alimchukia Henri kabla hata ya darubini kuja. Henri alikuwa mzungu wa pamba pale mjini Baraka, kando ya ziwa, yule aliyewang'olesha watu mihogo yao ili pamba ipate nafasi. Mwaka 1954 akasimamisha uani kwake darubini ndefu kama mtu mzima: kubwa mno kuwa ya kuchezea, ndogo mno kumtisha mtu. Waziri aliiita mzinga usio na asali.

Henri alijigamba nayo kwa kila aliyepita. "Ile makubwa ya Ulaya, wataalamu wanaigombania. Leo nyota hii, kesho ingine. Hii ya katikati inabaki na nyota moja tu, mwaka muzima. Nyota ikibadilika, ni hii inajua wa kwanza."

Maneno hayo yalimkera Waziri, kwa sababu kukodolea kitu kimoja ndiyo ilikuwa kazi yake. Mbali na mitumbwi yake ya kuvulia, yeye alikuwa jicho la msikiti. Kila mwezi ulipokaribia kuandama, alisimama jua likizama, uso kwenye milima ya Fizi, na hakuna aliyefunga wala kufungua mpaka aseme ameona. Lakini macho yalishaanza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu, hata Hawa, mke wake.

Jioni ya kutafuta mwezi wa Idi, moshi wa mashamba yaliyochomwa ulitanda juu ya milima. Watu walikodoa macho, wapi! Henri akaita kutoka uani kwake: mwezi uko, waje waangalie.

"Waziri, enda we," akasema imamu Assumani. "Tunaamini jicho yako, haiko ya muzungu."

Waziri akainama kwenye kioo. Akauona. Mwembamba, mweupe, safi kuliko alivyouona kwa miaka mingi. Ila ulikuwa umelala kifudifudi, kama mtumbwi uliopinduliwa ufukweni ukauke.

"Kioo inapindua vitu," Henri akamwambia akicheka. "Mwezi ni ule ule."

Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Mtu huyu amewachagulia cha kulima, sasa awachagulie na Idi? Waziri akatoka nje, akawakabili wenzake.

"Nimeona kitu ya kupinduka. Ile haiko mwezi ya kwetu. Kesho tunafunga."

Wakafunga. Asubuhi, jua limeshapanda, watu wa Swima, kijiji jirani, wakaingia na kanzu zao safi, wakitoa mkono wa Idi. Kwao hakukuwa na moshi. Mwezi waliuona kwa macho yao. Assumani akaomba maji, akanywa mbele ya wote bila kumtazama Waziri. Kufunga siku ya Idi ni haramu, hata mtoto anajua.

Hawa akamwekea mumewe ugali na ndagala, dagaa wa ziwa lao. "We uliona?"

"Niliona."

"Na ukatufungisha haramu, juu ya chuki yako?"

Chakula kikapoa.

Mwezi uliofuata ulipokaribia kuandama, Waziri alikwenda mahali pake, akaelekea milimani, akawasubiri wenzake. Hakuja mtu. Walikuwa wamejipanga uani kwa Henri, na aliyeinama kwenye kioo alikuwa Assumani.