Tiketi ya Pampu ya Ngonga

Jumatatu ya kwanza ya Machi, mwaka 2005, ofisini kwetu Kyela mjini, nilipoteza taarifa zote za pampu mbovu, na pamoja nazo maneno ya mke wangu, aliyefariki Januari.

Ofisi yetu ilitengeneza pampu za visima vijijini. Mtu akija kusema pampu yao imekufa, taarifa yake iliandikwa kwenye programu iliyokaa ndani ya seva chini ya meza, naye akapewa namba kwenye kikaratasi. Tuliiita tiketi. Wazee wa Ipyana walitutania: "Basi linaondoka saa ngapi?" Mwandishi alikuwa mke wangu, na aliandika vilevile mtu alivyosema. Alipofariki, bosi alinihurumia akanipa kiti cha marehemu. Mimi ni wa darasa la saba. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia, na kompyuta nilijua yale tu aliyonifundisha yeye.

Siku hiyo fundi wa Mbeya alinielekeza kwa simu namna ya kuweka toleo jipya la programu.

"Umechukua nakala ya hifadhidata?"

"Nimechukua."

Nilikuwa nimenakili folda ya programu tu. Hifadhidata sikujua ni kitu gani, wala kwamba tiketi zinakaa humo, na niliona haya kuuliza. Kisha toleo jipya likaniuliza kwa Kiingereza kama lifute majedwali ya zamani. Nikabonyeza ndiyo. Ukurasa ukafunguka, mzuri, mweupe, tiketi sifuri.

Niseme ukweli: sikuvikumbuka visima. Nililia maneno yake.

Alhamisi akaja mama mmoja mtu mzima kutoka Ngonga. Nikamwamkia, "Mugonile, mama." Akaitika, akaweka kikaratasi mezani. Namba 214, mwandiko wa mke wangu.

"Tangu Desemba tunachota mtoni, na mto sasa ni tope. Tiketi ninayo, mwanangu, basi ndilo halijafika."

Nikajifanya natafuta. "Haimo, mama."

"Haimo? Mashine yenu inakula karatasi kama mbuzi?"

Bosi akainua kichwa mezani kwake. "Labda marehemu alisahau kuiingiza. Siku zile alikuwa tayari anaumwa."

Mama akanitazama mimi, mume wa marehemu, nijibu. Nikainamisha macho kwenye kibodi.

"Pole, basi," akasema taratibu. "Mgonjwa husahau." Akachukua kikaratasi chake akaondoka. Hata taarifa mpya sikumwandikia.

Ijumaa nilimweleza bosi yote. Akasema, "Ungesema jana, yule mama akiwapo." Jumamosi nikaenda Ngonga kwa baiskeli. Nilimkuta uani kwake anamenya ndizi. Nikamwambia marehemu hakusahau kitu. Aliyefuta ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi.

"Ukamwacha abebe yeye," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na pampu?"

Nikamwambia mafundi watakuja Jumanne, na kwamba sasa ya kwake ndiyo ya kwanza. Nikatoa kikaratasi kipya nilichoandika mwenyewe: namba 1. Akakisoma, akanirudishia.

"Hicho baki nacho. Mimi ninacho cha mwenzio."

Akakifunga kile cha zamani kwenye pindo la kanga, akaendelea kumenya ndizi.