Talaka Yangu na Ng'ombe wa Kaka

Mume wangu aliniambia asubuhi, nikiosha vikombe. Alikuwa amerudi jana yake na tishari la mizigo la mtoni kutoka kaskazini, alikokuwa akipeleka saruji na sukari. Akasema ameoa huko. Mke mpya angefika mwisho wa mwezi, kwa hiyo mimi nirudi kwa kaka yangu, mtaa wa Kator. Watoto wetu watatu wangebaki.

Nikasema, "Sawa." Nikamaliza vikombe, nikaanza sahani.

Nilipokwenda kumwarifu kaka nilidhani nitalia. Sikulia. Yeye ndiye aliyekuwa na la kusema.

"Ukiachika atadai ng'ombe wake. Nitawatoa wapi? Unajua ndio niliotolea mahari mimi."

Nilijua. Ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu walikaa nyumbani mwezi mmoja, kisha wakaenda kwa wakwe zake.

Tulipelekana, mume wangu, kaka na mimi, mahakama ya chifu mtaa wa Munuki. Chifu alisikiliza chini ya rakuba, kibanda cha nyasi kisicho na kuta, na watu wengine wakisubiri zamu zao nyuma yetu. Akamuuliza kaka kama yuko tayari kurudisha ng'ombe. Kaka akasema hana. Chifu akanigeukia. "Basi mama, watoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Nenda ukafikirie. Mrudi baada ya wiki mbili."

Nilikwenda, ila sikufikiri chochote. Jirani yangu ndiye aliyemfunga mtoto wake mgongoni, akanishika mkono na kunipeleka kwa wakili mmoja anayesaidia wanawake bure. Nilifuata kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu. Wakili alikuwa mwanamke wa makamo. Alikuwa amesomea Kenya, nami nilikulia kambi ya wakimbizi huko, basi tukazungumza Kiswahili.

"Dada, mlioana wapi?"

"Kanisani. Na ng'ombe walitolewa."

"Ndoa ya kanisa chifu hawezi kuivunja. Hiyo ni ya jaji. Na jaji akiamua watoto wakae wapi, haulizi ng'ombe, anauliza watoto watatunzwa wapi vizuri." Akanieleza kwamba naweza kuomba amri wabaki nami wakati kesi inaendelea, na baba yao alipe karo. "Sasa sikiliza. Usihame nyumba ya mumeo. Tafuta cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Akikuletea karatasi yoyote, usitie sahihi kabla sijaiona."

"Na ng'ombe?"

"Umemzalia watoto. Hata kwa mila hawarudi wote. Hayo wanaume watazungumza."

Nilirudi nyumbani nikapika adesi. Cheti cha ndoa kilikuwa kimepotea, basi nikaenda parokiani nikangoja waniandikie kingine kutoka kwenye daftari lao. Sahihi yangu ya siku ile ya harusi ilikuwa na maandishi ya duara, ya mtu mwenye furaha. Niliitazama kama ya mwanafunzi nisiyemfahamu.

Wakili akafungua kesi kwa jaji, na kabla haijasikilizwa mke wa kaka alinijia. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Hakutaka kukaa.

"Wifi," akasema, "ng'ombe wakirudi kwa mumeo, wazazi wangu watadaiwa. Hawana. Mimi nitarudishwa?"

Nilipaswa kumkumbatia. Nilimletea maji tu, nikarudia maneno ya wakili, kwamba hawarudi wote. Akanywa, akaniambia, "Sikuombi urudi kwa yule mtu. Nilitaka tu ujue kwamba siwezi kulala." Hilo ndilo neno pekee la mwaka ule lililonichoma kidogo.

Mahakamani kaka alikaa upande wa mume wangu. Kesi iliahirishwa mara nne; mume wangu na mke mpya walikuwa wamepanga nyumba kwingine. Hatimaye jaji akatoa talaka, akasema watoto wakae nami, baba awaone kila Jumapili na alipe karo. Habari ya ng'ombe akaiacha kwa wazee wa pande mbili, ila akaonya kwamba asiwepo mtu wa kuwazuia watoto kwa sababu ya ng'ombe. Nilimwomba wakili aniambie tena, kwa kuwa sikuwa nimesikia.

Wazee walikubaliana ng'ombe sita. Kaka anawalipa polepole, na mkewe hakurudishwa. Kaka hajanisemesha tangu hapo.

Baba wa watoto huja Jumapili baada ya misa. Ninampa kiti, ananishukuru. Juzi binti yangu mdogo aliniuliza kama bado nimemkasirikia baba yake. Nilijaribu kutafuta jibu la kweli. Nikamwambia sijui, amalize chakula chake.