Pampu Iliyovuka Mpaka

Mume wangu hatoki nyumbani bila mkoba wake. Anaweza kusahau kofia, anaweza kusahau simu, siku moja alisahau hata kumsalimia mama yangu aliyekuwa amesafiri kutoka Murungu mpaka Heru Juu kuja kutuona, lakini mkoba hausahau. Ni mkoba wa turubai, umeshonwa na kushonwa tena kwa uzi wa magunia, na ukiubeba bega lako litakusema wiki nzima. Ndani kuna koleo, bisibisi, spana za namba ambazo nati zake hazipo nyumbani kwetu, waya, misumari ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo, viraka vya tyubu, gundi, mshumaa, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni kisilowe, kufuli lisilo na ufunguo na ufunguo usio na kufuli. Hivyo viwili vya mwisho niliwahi kumuuliza. Akanijibu kwamba siku moja vitakutana na wenzao.

Na wala yeye si fundi. Analima mihogo na maharage kama sisi wote, na msimu ukiruhusu hununua maharage Kibondo akayauza Kasulu. Ila akiingia duka la vifaa pale Kasulu mjini, mwenye duka, mzee mmoja mwenye kanzu safi na ulimi wa asali, humwita "fundi wangu", na fundi wake huyo hutoka na kitu kipya kimefungwa kwenye gazeti. Mimi ninachojua ni kwamba mlango wa choo chetu umeshikiliwa na jiwe tangu nilipoolewa.

Ugonjwa huu hakuuokota njiani, aliurithi. Baba yake alikimbia Burundi wakati wa vita, mume wangu akiwa bado mtoto wa mgongoni, na katika mali yote ya nyumba ile mzee alivuka mpaka na kitu kimoja tu: pampu ya baiskeli. Baiskeli yenyewe ilibaki huko huko. Wenzake walivuka na sufuria, na mablanketi, mmoja eti na mbuzi mwenye mimba, na kambini walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akawajibu kwamba mwenye pampu siku moja atapata baiskeli, lakini asiye na pampu akipata baiskeli ataisukuma. Jibu hilo likawa katekisimu ya ukoo. Walipotoka kambini wakatulia Heru Juu, wakapata shamba, baadaye wakapata na uraia, na katekisimu wakaja nayo.

Kila ukoo ukikutana, iwe ni ubatizo, mahari au kumaliza matanga, mzee hufungua kitambaa, huitoa pampu, husimulia upya jinsi alivyovuka, kisha pampu huzungushwa mkono kwa mkono. Unaishika kidogo, unatikisa kichwa taratibu, unampa anayefuata. Nilipoingia kwenye ukoo huo kama bibi harusi nami nilipewa niishike. Nikaishika, nikatikisa kichwa kama wenzangu, maana mkwe hacheki mbele ya baba mkwe. Mama mkwe siku hizo hakai kwenye duara. Yeye ndiye anayemimina pombe ya ndizi na kuhesabu kwa macho nani hajapata.

Kuna jambo moja lilinishangaza tangu mwanzo, nikalimeza kwa adabu. Tairi la baiskeli likiishiwa upepo, mume wangu alikwenda kuazima pampu kwa jirani. Nilipomuuliza kuhusu ile ya ukoo, aliniangalia kama niliyependekeza tupikie ugali kwenye kikombe cha komunyo. Ile ni ya dharura, akasema. Akiba haiozi. Na kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kwanza, mzee alishamkabidhi aitunze, ikawa inalala chini kabisa ya mkoba, imeviringishwa kitenge kizuri kuliko vyangu.

Basi nikapata mimba. Kliniki, muuguzi alinipapasa tumbo, akapapasa tena, akaniambia mtoto ametanguliza makalio na huenda asigeuke. Akanisisitizia kwamba uchungu ukianza nisikae nyumbani kusikilizia, nisikubali mtu anizalishe njiani, nikimbilie hospitali Kasulu mara moja. Nilitoka pale nimeshika ukuta. Lilikuwa tumbo langu la kwanza na nilimtaka mtoto yule kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Nikajiandaa wanavyojiandaa wanawake wote huku. Nikanunua beseni, na ndani yake nikakusanya kidogo kidogo mpira wa kutandika, glavu, wembe, uzi, pamba, vitenge na kofia ya mtoto. Mama mkwe aliongeza vitenge vyake viwili vya zamani, vilivyolainika kwa kufuliwa, akavikunja na kuondoka bila hotuba. Mume wangu alilichungulia lile beseni akauliza, "Na vifaa vya dharura?" Nilidhani kuzaa ndiyo dharura yenyewe.

Nilimsihi azungumze mapema na mtu wa bodaboda. Akanihesabia hatari zake: huishiwa petroli, mnyororo hukatika, dereva huwa amelala au amelewa. Baiskeli ni yangu, dereva ni mimi, vifaa ninavyo, akasema, wewe kazi yako ni kukaa. Baba mkwe alipoelezwa alikubali kwa kichwa. Mama mkwe aliniangalia, akamwangalia mwanawe, akaendelea kumenya mihogo.

Uchungu ulinianza asubuhi, ukungu bado umelala kwenye migomba. Mume wangu alifanya kazi kama jeshi. Gunia lililokunjwa likawekwa kwenye keria nikalie, panga likachomekwa kwenye fremu kama kawaida, na beseni langu likafungwa mbele kwenye usukani, mkoba ukiwa juu yake, vyote vikazungushiwa mipira ya tyubu, fundo juu ya fundo juu ya fundo. Tukaondoka. Kwenye mteremko wa kwanza nilimshika kiuno nikasali. Kwenye wa pili tairi la nyuma likatoa pumzi yake yote chini yangu.

Na mume wangu akatabasamu. Nililiona tabasamu lile kwa macho yangu, na nikizeeka nikasahau mengine yote, hilo nitalikumbuka. Mwanamume alikuwa ameisubiri pancha hiyo maisha yake yote. Akaniketisha ukingoni mwa barabara, akafungua fundo la juu kwa meno, akautoa mkoba, akatandika gunia na kupanga vyuma vyake kwa urefu. Nikiwa nimeinama na uchungu, ikaja bodaboda haina abiria. Dereva akapunguza mwendo, akauliza kama mama tumpeleke. Mume wangu akainua spana.

"Pita tu, kaka. Sisi tumejiandaa."

Dereva alimtazama, akanitazama mimi, akaenda zake. Uchungu ulikuwa umenibana pumzi, na huo ndio wakati pekee katika ndoa yetu nimekosa la kusema.

Nisimnyime haki yake, kiraka alikibandika vizuri. Kisha akafungua kitenge, akaitoa pampu kwa mikono miwili kama padri, akaunga mpira wake kwenye vali na kusukuma. Mkono wa pampu ukaingia na kutoka laini kabisa, kama mwiko kwenye uji. Tairi halikujali. Akasukuma tena kwa nguvu, akapuliza kwa mdomo, akaitazama mbingu. Mwisho akaifungua. Ile ngozi ya duara inayosukuma upepo haikuwemo. Mlikuwa na kutu na buibui mkavu.

"Labda imedondokea kwenye mkoba," akasema, akaanza kumwaga vitu.

Hapo niliogopa. Mpaka wakati ule nilikuwa nimekasirika, na hasira humshikilia mtu, lakini nilipomwona amepiga magoti anatafuta kipande cha ngozi katikati ya misumari, nilimwona mwanangu anazaliwa pale kwenye vumbi, makalio mbele, na baba yake anamtafutia spana inayomfaa. Nikasikia mlio wa pikipiki nyingine inateremka. Niliinuka, nikasimama katikati ya barabara, nikatanua mikono yote miwili. Ilikuwa asimame au anigonge.

Akasimama. Likabaki beseni. Mume wangu alikimbilia mafundo akaanza kuyafungua kwa kucha moja moja, na nilipomwambia akate akanisihi nisubiri kidogo, tyubu ile ilikuwa bado nzuri. Nikamwomba kisu. Kisu kilikuwa kimezikwa chini ya vyuma alivyomwaga. Basi nikachomoa panga kwenye fremu, panga ambalo kila mtu huku hutembea nalo na hakuna anayejisifu kwamba amejiandaa, nikakata mipira yote kwa pigo moja, nikapakata beseni langu na kumwacha.

Binti yangu alitanguliza makalio kama alivyotabiriwa. Alitoka kimya. Wauguzi walimshughulikia, nami nikaukodolea macho mgongo wa yule aliyemshika nikingoja ugeuke, na nilikuwa nimeshaanza kuomba msamaha kwa Mungu kwa mambo ambayo hata sikuyafanya, ndipo akalia. Kila kitu cha kwenye beseni kilitumika. Mume wangu aliingia baada ya adhuhuri, jasho na grisi mpaka kwenye nyusi, baiskeli ameisukuma njia nzima, mkoba begani. Akauliza kama kuna kitu kinahitajika. Muuguzi akamwambia akanawe. Alipompakata mtoto alilia bila kujificha, na mimi nilimpenda, na nilitaka kumpiga na spana kubwa kuliko zote, yote mawili kwa pamoja.

Siku ya kumtoa mtoto nje, ukoo ukajaa uani. Pombe ilimiminwa, sala ikasaliwa, na baba mkwe akaagiza pampu iletwe ili mjukuu naye apokewe. Mume wangu aliileta ameinamisha kichwa. Mzee alipoanza hadithi yake, mwanawe alimkatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Data," akamwita baba yake kwa Kirundi, "haina ngozi ndani. Ilitushinda njiani."

Mimi nilijiandaa kusikia kwamba ni sisi tulioiharibu, na jibu nilikuwa nalo tayari, lenye pilipili. Mzee aliigeuza pampu mkononi, akaitazama kwenye tundu.

"Haikuwa nayo hata siku ile," akasema polepole. "Nilikuwa naipeleka kwa fundi. Bunduki zikalia nikiwa njiani, nikakimbia nilivyo."

Shemeji yangu mmoja, ambaye kwa ajili ya hadithi hiyo hutembea na msumeno wa chuma mfukoni, aliweka kikombe chake chini. Kumbe ukoo mzima tumelea kanuni, tumebeba mikoba, tumejikata mabega kwa sababu mtu mmoja alikuwa na chombo kibovu mkononi wakati wa kutoka mbio. Nilitaka kucheka. Nilimtafuta kwa macho wa kucheka naye, nikakutana na mama mkwe.

Alikuwa amesimama nyuma ya watu, birika chini miguuni, binti yangu amemfunga mgongoni kwa kimoja cha vile vitenge vya zamani. Hakupandisha sauti.

"Alitoka kwenda kwa fundi," akasema. "Nyumbani nilibaki peke yangu, wenye bunduki wanakuja. Tulikutana naye kambini. Tangu siku hiyo pampu hii nimeimiminia pombe ubatizo hata msiba, na hajatokea mtu wa kuniuliza mimi nilivuka na nini."

Mume wangu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtoto.

"Ulivuka na nini, mama?"

"Na wewe, mwana wanje, mwanangu," akasema, na kumrusha kidogo mjukuu mgongoni akae vizuri. "Na ulikuwa mzito."

Baba mkwe alikuwa bado amenyoosha pampu kwa anayefuata, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeipokea.