Kizibo cha Baba

Mama ndiye aliyeiona damu, kwa kuwa ndiye aliyefua nguo za baba. Kaka yake baba alikuwa amekufa kwa uvimbe wa utumbo mkubwa, na kwake pia mambo yalianza kwa madoa. Nikamtoa baba Mwika hadi hospitali mjini Moshi, mama akitufuata na chupa ya chai.

Daktari alikuwa kijana wa Tanga. Alimwamkia baba shikamoo, akamketisha, kisha akauliza, "Mzee, choo unapata mara ngapi kwa siku?"

"Sipati."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotahiriwa."

Daktari aliacha kuandika. Ilibidi nimvute nje nimweleze. Wanaume wa Kichagga wa zamani, wakishatoka jandoni, waliwaambia wanawake kwamba wamezibwa, hawaendi tena haja kubwa maisha yao yote. Sisi tuliotahiriwa hospitali hatukuzibwa kitu, na wengi wa rika la baba walikwisha kuacha kujisumbua. Baba hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, na bado kila alfajiri alishika panga akaingia migombani, eti kukagua ndizi.

"Na mama anaamini?" daktari aliuliza.

"Hajawahi kusema haamini."

Tuliporudi ndani, daktari alieleza kazi yenyewe: mpira mrefu wenye taa ungepitishwa nyuma kutafuta uvimbe. Dawa ya usingizi ilikuwa imeisha. Mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya kutafuta.

Baba alichukua kofia yake. "Huko hakupitiki."

Mama aliiweka chini chupa ya chai. Kisha akasema, "Ni kweli, daktari. Amezibwa. Lakini kizibo ni cha siku nyingi. Tazama tu kama hakijalegea."

Baba alimtazama. Kisha akaiweka kofia mezani. "Kama ni kizibo tu," alisema, "tazameni. Ila wanawake wabaki nje."

Kesho yake, baada ya maandalizi ambayo mimi na muuguzi wa kiume tulikubaliana kutoyasimulia, baba alilazwa ubavu. Nilimshika mkono. Hakutoa sauti, ila vidole vyangu vilikufa ganzi. Daktari alisukuma hewa ili utumbo ufunguke, na baada ya muda hewa ikarudi kwa kishindo.

"Huo upepo si wangu," baba alisema akiangalia ukuta. "Mmeuingiza wenyewe."

"Ni wetu, mzee. Samahani."

Daktari aliendelea kutazama, akaurudisha mpira nyuma kidogo, akatazama tena mahali palepale. Hapo hakuna aliyetania. Mwishowe aliuvuta mpira wote, akasema hakuna uvimbe. Ni bawasiri tu inayotoa damu.

Baba alifumba macho. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mama yake huyu utamwambia nini?"

Daktari alinawa mikono, akatoka hadi kwenye benchi. "Mama, kizibo ni kizima. Kimechubuka kidogo pembeni. Nitampa dawa ya kupaka."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, uso ukiwa ndani ya kitambaa. Kisha akauliza kuhusu chakula.

"Mboga za majani, mapapai, maji mengi," daktari alisema, akiwa amechoka na amefurahi. "Ili apate choo laini."

Mama aligeukia dirishani.

"Hayo ya mwisho, mwanangu," alisema, "sikuyasikia."