Vitenge vitatu nilivyomvalisha mkamwana wangu apandie mzani wa kliniki

Wakuu hamjambo. Na nyie wajukuu mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, hamjambo.

Mimi ni bibi, niko Misunkumilo hapa Mpanda. Shule niliishia la nne, mwandiko mtauvumilia. Ninachoandika nilikifanya kwa mikono yangu hii, sijasimuliwa.

Mwanangu alioa binti wa Karema kule ziwani, Tekla. Mpole, mwembamba. Aliposhika mimba nikasema huyu namlea mimi.

Kulea kwenyewe ndiyo huku: mayai marufuku, mtoto atazaliwa kipara. Ugali nusu sahani. Jioni uji mwepesi. Akiomba kuongezwa namwambia, "Unataka kuzaa ndama? Utapasuliwa!"

Msinicheke. Mdogo wangu wa tumbo moja alifia leba, wakasema mtoto alikuwa mkubwa, amekwama. Tangu siku hiyo nikajua mtoto mdogo ndiyo salama ya mama. Hakuna aliyeniambia vingine, na mimi sikuuliza.

Mama yake Tekla akaleta kiroba cha dagaa kutoka ziwani. Nikawasaga, nikawapa kuku. Kuku wakataga vizuri sana. Mayai akala mwanangu.

Rudieni kusoma hapo.

Kliniki nesi akampima, akaona miezi inakwenda uzito haupandi. Akamwambia, "Usipoongezeka, mwezi ujao njoo na mama mkwe wako, nina maneno naye."

Mimi! Niitwe na kabinti kale!

Mwezi uliofuata nikamfunga vitenge vitatu ndani ya gauni, juu sweta, na jua lile la Mpanda. Njiani nikamnywesha chupa kubwa ya maji. Foleni ilikuwa ndefu, nesi hakuangalia nguo, akaandika. Kilo zimepanda! Tukafanya hivyo kila kliniki mpaka kadi ikapendeza.

Nikaipeleka, Tekla nyuma yangu, kwa jirani, Mama Shija, Msukuma mwenye ng'ombe zake, nimtambie. Akamtazama Tekla, akacheka.

"We bibi, hizo kilo zimekaa wapi? Mbona mashavu hayana habari?"

Kumbe kila jioni alikuwa anampitishia kikombe cha maziwa kwenye uzio. Nilipogundua, niliyamwaga.

Tekla alijifungua kabla ya mwezi wake. Mtoto hakukwama, alitoka kama nilivyotaka. Wa kike, kilo moja na nusu, ngozi imempwaya kama nguo ya kuazima.

Nesi wa wodini akasoma kadi, akamwangalia mtoto, akasoma kadi tena.

"Mama, mbona uliongezeka vizuri tu? Huyu imekuwaje?"

Tekla hakuinua macho. "Muulize mama hapo. Vitenge ni vyake."

Walimfunga mtoto kifuani kwa mama yake apate joto. Siku nane. Ya tisa hakunyonya.

Tulimzika na kitenge kimojawapo, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Nesi alinieleza baadaye, wala hakunifokea, bora angefoka. Alisema wangeuona uzito wa kweli wangejua mapema, wangempima damu, wangemfuatilia. Na mtoto mkubwa anajulikana hospitali, wanajipanga, si kazi ya bibi kumpunguza kwa njaa. Wakuu, mzani ule ulikuwa unapiga kelele, mimi nikauziba mdomo.

Tekla alirudi kwao Karema. Mwanangu akamfuata. Sikumlaumu hata mmoja.

Sasa nasikia ana mimba nyingine. Nilituma trei la mayai na gari linaloshuka ziwani. Nikakaa na simu mkononi kama mchumba. Jioni Tekla akapiga.

"Mama, mayai yamefika. Mawili tu yamevunjika."

"Utayala?"

"Nakula. Na kliniki siku hizi kabla ya kupanda mzani navua hata sweta."

Akakata.

Nyie mama wakwe mliomo humu, mjamzito ale. Ale mayai, ale dagaa, maharage, mboga, anywe maziwa ya jirani. Akiwa na uzito mdogo kliniki, aende nao hivyo hivyo, aibu ni yako, mtoto si wako.

Mwenye la kusema aseme. Matusi pia leteni, nimekaa nayasubiri. Ila kwanza nendeni jikoni mkaangalie sahani ya mkamwana.