Betri Ikijaa Kilimani

Mume wa shangazi yangu alikuwa na gari lenye injini ya petroli, na injini hiyo aliionea haya kama mtu anavyomwonea haya ndugu mlevi. Gari lilikuwa la aina ile ya kuchomekwa ukutani. Lina betri kubwa ya kutembelea, na betri ikiisha injini inaamka yenyewe ili safari isikatike. Wengine hulinunua kwa sababu hiyo, wasikwame njiani. Yeye alitaka injini isiamke kabisa.

Kutoka kwetu Ndera mpaka Gisimenti mjini, ambako alikutana na rafiki zake, kisha kurudi, betri ilitosha kwa shida. Ilitosha kama hakuna foleni, kama kiyoyozi kimezimwa, na kama waliomo ndani si wazito. Kwa hiyo tulisafiri kwenye joto, madirisha yamefungwa, kwa sababu alisema upepo unalivuta gari nyuma. Tukifika chini ya mlima wetu alisimama pembeni.

"Darasa la Sita, shuka."

Jina hilo alinipa yeye, kwa kuwa shule yangu iliishia hapo. Nilishuka nikapanda kwa miguu, na gari likanipita kimya kama paka. Shangazi alishushwa mara moja tu, siku aliyonunua gunia la viazi. Gunia lilibaki ndani.

Nikifika getini nilimkuta ananisubiri mbele ya gari.

"Weka mkono."

Niliweka mkono juu ya boneti.

"Iko vipi?"

"Baridi, Mjomba."

"Sema usikike hata kwa jirani."

"Ni baridi kabisa, Mjomba."

Hapo alicheka, akaingia ndani kula. Kazi yangu ikawa kuvuta waya kutoka stoo na kulichomeka gari, ili kesho lijae tena.

Stoo hiyo ndiyo niliyolala. Ndani yake palikuwa na godoro langu, tairi la akiba, na mashine ya kuangulia vifaranga. Mashine haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja anayefuga kuku upande wa chini wa mlima, ameitengenezesha kwa seremala wa Gisozi: sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo, balbu ndani, na kipimajoto kidogo. Mama huyo aliniona nikimchambulia mchele shangazi barazani, akanitazama kwa muda, kisha akasema anatafuta msichana asiye na maneno mengi. Aliniletea mashine pamoja na mayai yake.

"Huu ndio mtihani wako," alisema. "Usiyasahau hata siku moja. Yakianguliwa vizuri, unahamia kwangu. Kuna kazi, kuna chumba, kitanda kipo. Yakiharibika, nachukua sanduku langu na hatujuani."

Sikuwa nimewahi kulala kwenye kitanda ambacho ni changu. Niliyageuza mayai yale asubuhi, mchana na jioni, nikayawekea maji ya unyevu, nikaamka kuangalia kipimajoto hata pasipokuwa na haja. Usiku mwanga wa balbu ulinifikia usoni, nami nilikuwa nakipanga kile chumba ambacho sijakiona: wapi nitaweka ndoo, wapi nitatundika gauni.

Mjomba hakukataa, ila alilalamika kila siku.

"Kuku wako wananilia kilomita."

Shangazi alimwambia balbu zile ni ndogo. Akajibu kwamba balbu ndogo, pasi ndogo, birika dogo, na mwisho wa yote yeye anaishia katikati ya mlima. Ni kweli kwamba nyaya za uani zilikuwa nyembamba. Gari likichomekwa, halafu shangazi akawasha birika ndani, swichi kubwa ilijizima na nyumba yote ikawa giza. Ikawa sheria kwetu: gari likila umeme, jiko linasubiri. Mashine yangu tu ndiyo iliyoruhusiwa kuwaka, kwa huruma ya shangazi.

Mwisho wa mwezi ule rafiki yake mmoja wa Gisimenti alimchokoza. Alisema gari halifiki mjini na kurudi bila tone la petroli, na kwamba yeye mwenyewe atakaa kiti cha mbele ashuhudie. Walipanga iwe Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi, mara watu watakapomaliza kazi na barabara kufunguliwa. Mjomba alitaka betri ijae mpaka mwisho, isipungue hata chembe. Siku nyingine gari lilikuwa halijai vizuri, kwa sababu ya swichi kuruka. Siku hiyo alitaka lijae.

Asubuhi hiyo mayai yalianza kulia. Niliweka sikio kwenye kioo nikasikia sauti ndogo sana ndani ya maganda, na mengine yalikuwa na ufa kama nyota. Nilitaka kubaki. Mjomba alikuwa amekwisha vuta waya.

"Nyumba hii inatakiwa kutoa mtu wa umuganda," alisema. "Atakuwa mimi au wewe?"

Nilichukua jembe.

Tulizibua mtaro kando ya barabara ya udongo. Yule mama wa kuku alikuwa kwenye mstari mmoja nami, kanga amejifunga kiunoni. Nilijikaza nikamsogelea.

"Mama, vimeanza kulia."

Alisimamisha koleo. "Kweli?"

"Vingine vimetoboa."

"Basi jioni nakuja na kikapu," alisema. Halafu, akiendelea kuchota matope, "Na wewe funga nguo zako."

Sijawahi kuchimba mtaro kwa furaha kama siku ile. Hata kwenye mkutano wa baada ya kazi, mkuu wa mtaa akiongea juu ya usafi, mimi nilikuwa nafunga nguo zangu kwa mawazo.

Niliporudi, stoo ilikuwa na giza. Waya wa mashine ulilala sakafuni. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa, kimeegemezwa kwenye tairi. Vifaranga waliokuwa wametoboa walikuwa wamekaukia kwenye ganda, mdomo nje, mwili ndani. Niliweka kiganja juu ya mayai. Yalikuwa baridi kama boneti.

Mjomba alikuwa uani anafuta kioo cha gari. Rafiki yake alikwisha fika, amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, anakula karanga.

"Mjomba," nilisema, "mashine…"

"Swichi imeruka mara mbili. Nikatafuta mwizi nikampata." Alimgeukia rafiki yake. "Nimefungua nione ni kelele gani. Sanduku zima linapiga kelele kama bunge."

"Walikuwa wanazaliwa, Mjomba."

"Si wazaliwe! Nani amewazuia? Kuku wa zamani walikuwa na umeme?"

Rafiki alicheka mpaka karanga zikamtoka. Mjomba alichomoa waya wa gari, akamwonyesha kwenye skrini ya ndani kwamba betri imejaa mpaka mwisho. Kisha wakatoka getini wakianza kuteremka mlima.

Nilichomeka mashine, nikarudisha kifuniko, nikachukua mayai yenye nyufa nikayaweka tumboni ndani ya fulana. Nikiwa nimepiga magoti hivyo niliisikia. Hawakuwa wamefika hata kwenye kona ya kwanza. Injini iliamka, ikanguruma vizuri kabisa, yenye afya, kama iliyolala muda mrefu. Baada ya hapo nikasikia kicheko.

Walirudi papo hapo. Rafiki alikuwa anashika mbavu.

"Mzee, umeijaza mno! Gari likishuka mlima linajitengenezea umeme, linauweka kwenye betri. Wewe betri umeijaza mpaka shingoni, umeme wa kushukia uende wapi? Injini inaamka kuzuia mwendo. Mtu wa kilimani hajazi mpaka juu!"

Mjomba alishuka garini akaja nyuma. Alinikuta mlangoni mwa stoo, nimekumbatia tumbo.

"Chomeka sasa," alisema. "Umeme wote ni wako. Umefurahi?"

Kwenye sanduku zima waliotoka walikuwa wachache, hawakujaza sahani. Miguu yao ilikuwa imepinda nje, wakijaribu kusimama wanateleza kama watu kwenye sabuni. Jioni mama wa kuku alikuja na kikapu chenye nyasi safi. Aliinama, akamchukua mmoja, akamgeuza, akamrudisha.

"Wamepigwa baridi. Ulikuwa wapi?"

Mjomba alikuwa barazani na chai yake. Shangazi alikuwa nyuma yake, anaangalia sakafu. Nilitafuta sentensi ambayo haina mtu ndani yake.

"Umeme ulikatika, Mama."

"Saa ngapi?"

"Wakati wa umuganda."

Alinyooka polepole. "Mimi na wewe tunatumia nguzo moja. Nimerudi nimekuta friji yangu inafanya kazi, na nyama ngumu kama nilivyoiacha."

Nilimtazama shangazi. Shangazi alifungua mdomo, akatazama kikombe cha mumewe kimebaki nusu, akaenda kuleta chupa ya chai.

"Kusahau ningekusamehe," mama yule alisema. "Mtu husahau. Lakini mwongo simlazi nyumbani kwangu."

"Ndivyo alivyo," mjomba alisema kutoka barazani. "Hasemi, na akisema ndiyo hayo."

Mama wa kuku alichomoa mashine, akamwaga vifaranga pamoja na mayai kwenye ndoo yangu, akajitwisha sanduku lake kichwani. Kikapu cha nyasi alikibeba mkononi. Getini mjomba alimfungulia kwa heshima, akamtakia usiku mwema. Juu ya godoro, nguo zangu zilikuwa zimefungwa kwenye kitenge tangu wale wachache walipotoka. Nilizifungua, nikaanza kuzitundika tena kwenye misumari.

Baadaye kidogo mjomba alikuja akasimama mlangoni, anatazama mahali palipokuwa na sanduku.

"Sasa nafasi imepatikana," alisema. "Kuanzia kesho alfajiri utakuwa unakaa ndani ya gari unaangalia ile alama ya betri. Ikibaki kidogo kujaa, unachomoa. Isijae. Ikijaa nitakuuliza wewe. Hiyo unaiweza, au mpaka uende darasa la saba?"

"Naiweza, Mjomba."

Ndoo ilikuwa bado inalia. Aliniambia niitoe nje, hawezi kusikia taarifa ya habari.