Shimo la Ndizi la Eulalie

Mtaani Panzi, Bukavu, hakuna asiyeijua kasiksi ya Eulalie. Miaka ishirini anatengeneza pombe hiyo ya ndizi kama mama yake alivyomfundisha kule Nyantende: kwanza mikungu inalazwa shimoni siku nne, imefunikwa majani ya migomba na udongo, moto ukifuka pembeni mpaka ndizi ziive. Ukifukua kabla ya siku zake, umeharibu. Kila mtoto aliyekulia huku Bushi anajua hilo.

Wapelelezi walioingia uani kwake Jumatatu asubuhi hawakuwa watoto wa Bushi. Walikuwa sita, wana mashine ya kutafutia vyuma na dosie nene ya makaratasi. Kabla Eulalie hajafuta mikono, mumewe Philémon alikuwa tayari amefungwa pingu, amekalishwa chini ukutani. Mkuu wao alifungua dosie kwa furaha yote ya mtu aliyekwisha kushinda.

“Maman, miezi mbili tunafwata hii nyumba. Munabeba vitu virefu mu majani, munazika. Bunduki iko humu. Tukiipata, muzee tunaenda naye.”

“Chef, ile iko mikungu. Ndizi ya kasiksi ya ndoa ya mutoto wetu, Jumamosi hii.”

“Ndizi inatoa moshi?”

Eulalie alitaka kucheka, akajizuia. Watu hawa ni watu wa lisemwalo lipo. Wakishaandika, sharti liwepo. Na mtaa mzima ulijua kwamba anayechukuliwa nao hukaa sana kabla ya kurudi, kama atarudi.

“Chef, tia mukono, usikie joto,” alisihi.

Mkuu hakutia mkono. Aliita mashine.

Mashine ikapita juu ya udongo, kimya. Ikapita tena. Halafu ikalia, na ikalia kweli kweli! Wanaume wakaruka nyuma wakakoki bunduki. Vichwa vya majirani vilivyokuwa vimejipanga juu ya ukuta vikapotea vyote mara moja.

Chuma, ndani ya ndizi zake? Shimo walilichimba yeye na mumewe Jumamosi. Lakini jana alikuja yule binamu wa Philémon kutoka Sange, ambaye hasemi anafanya kazi gani, na wawili hao walizunguka nyuma ya nyumba wakinong'ona. Eulalie akageuka akamtazama mumewe. Philémon akaliona swali machoni mwake, akainamisha kichwa.

“Fukueni,” mkuu akasema.

Udongo uliruka, majani yakachanika, joto likapanda na harufu yake tamu. Mkungu wa kwanza, wa tatu, wa sita, harusi nzima ya binti yao Fabiola ikatupwa uani. Mkuu mwenyewe akapiga magoti, akazamisha mkono hadi begani, akavuta.

Jembe.

Jembe la Philémon, lilelile ambalo Eulalie alimsuta siku mbili kwamba amelisahau kilabuni. Sasa alikumbuka: Jumamosi Philémon alibaki peke yake kufunika shimo, mvua ikamkuta, akafukia haraka na jembe humohumo.

Eulalie alicheka mpaka machozi, na majirani wakarudi juu ya ukuta kucheka naye. Mpelelezi mmoja alilipiga jembe picha, maana dosie haiwezi kurudi tupu. Wakafungua pingu, wakaondoka bila kwaheri.

Philémon alisugua mikono yake, akashuka shimoni.

“Tuwashe moto sasa hivi, kabla joto halijaisha,” Eulalie alisema mbio mbio. “Alhamisi tunakamua, Jumamosi watu watakunywa.”

“Tuwashe. Lakini, mama Fabiola, wakati mashine ililia, uliniangalia.”

Kicheko kilimwisha. Aliokota mkungu, akaushika tu.

“Nisamehe, papa Fabiola. Ya jembe, na ya vile nilikuangalia.”

Philémon akaupokea mkungu, akaulaza vizuri penye joto, na kabla ya kuomba wa pili akampa Eulalie jembe, alishike yeye mpaka kazi iishe.